Kangaga la chini ya jabali: vidoti vya kahawia, wembe, na "dume" ambalo halipo

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi nipo Bwiru, Mwanza. Nyuma ya nyumba yetu kuna jabali kubwa na chini yake maji huchuruzika kidogo kidogo hata kiangazi. Hapo pameota makangaga yanayonifika kiunoni. Mpwa wangu aliyapiga picha, programu ya simu ikasema ni Dryopteris filix-mas, "kangaga dume la msituni", tena ni dawa ya minyoo. Sasa chini ya majani kumejaa vidoti vya kahawia. Jirani anasema ni kutu, nipulizie dawa kabla haijafika kwenye maharage yangu. Bibi wa nyumba ya pili yeye anataka mizizi awachemshie wajukuu. Naomba unieleze hilo kangaga dume lina umbo gani hasa, na kama langu ndilo. Nimetuma picha nne.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na yasiyongoja: usipulizie chochote, usimchimbie bibi mizizi, na vidoti hivyo havitahamia kwenye maharage. Kangaga lako si dume la Ulaya. Ni mwenyeji wa huku huku, na nitakuonyesha jinsi ya kulithibitisha wewe mwenyewe kwa wembe wa shilingi chache. Lakini umeuliza umbo la hilo dume, nami swali la namna hiyo silipati kila siku, kwa hiyo utanivumilia nikilijibu kwa urefu.

Jina lenyewe kwanza, maana kwa mtu wa Mwanza lina kichekesho ndani yake. Dryopteris ni Kigiriki: drys ni mwaloni, pteris ni kangaga. Kangaga la mwaloni, basi. Siyo soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, lenye dagaa na sangara; ni ule mti mkubwa wa misitu ya Ulaya ambao chini ya kivuli chake makangaga haya hupenda kukaa. Hilo neno la pili, filix-mas, ni Kilatini cha "kangaga dume". Wazee wa Ulaya waliona makangaga mawili msituni, moja limejengeka na kusimama imara, jingine laini lenye majani membamba, wakaamua moja ni mume na jingine mke. Hawakuwa na sababu nyingine. Kangaga halina dume wala jike kwa maana hiyo, na hayo mawili si hata wa ukoo mmoja wa karibu. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliyakuta majina hayo vinywani mwa watu, akayaingiza kitabuni mwaka 1753, na hadi leo tunayo.

Sasa umbo. Dume la kweli ukilikuta porini, kitu cha kwanza kinachokujia ni mpangilio. Makuti yake (nitaita jani zima kuti, kwa sababu ndivyo linavyoonekana) hayatoki huku na huku kama majani ya mchaichai. Yote yanachomoza kwenye kichwa kimoja, yakajipanga duara na kuinama nje, mfano wa tenga lililoachwa wazi mdomo juu. Ukisimama ukachungulia kutoka juu unaona shimo katikati, na ndani ya shimo makuti machanga yamejikunja. Kuti moja hufika sentimita 60 mpaka 120, na penye unyevu na udongo mzuri hata mita moja na nusu.

Kichwa hicho ni shina. Ni nene, fupi, limesimama wima nusu ndani ya udongo, nalo limevaa visiki vya makuti ya miaka iliyopita, vimebanana kama unavyoona kwenye mnazi mchanga. Hili ndilo watu wanaloliita mzizi wanapozungumzia dawa. Mizizi ya kweli ni myembamba, myeusi, kama nywele ngumu, nayo hutoka pembeni.

Bua la kuti ni fupi, kama robo tu ya urefu wote, wakati mwingine chini ya hapo. Lakini ndilo la kuangalia kwa makini, maana limejaa magamba. Si magamba ya samaki. Ni vipande vikavu, vyepesi, rangi ya nyasi za kiangazi, vingine vipana, vingine vyembamba kama uzi, vimechanganyika. Ukipitisha kidole kutoka juu kwenda chini vinabaki mkononi. Makangaga mengi ya ukoo huu yana magamba, na wataalamu hutumia upana na rangi yake kutenganisha aina moja na nyingine. Wapo wanaogombana miaka na miaka kuhusu gamba lenye doa jeusi chini na lisilo na doa. Nawajua baadhi yao. Nyumbani ni watu wapole.

Kuti lenyewe ni pana katikati na hupungua kuelekea ncha zote mbili, kama bapa la kafi la mtumbwi. Kila upande wa uti wa kati kuna vitawi 20 hadi 35. Kila kitawi nacho kimekatwakatwa kuwa vilimi vidogo, na hapa ndipo uweke alama: makato yanafika kwenye uti wa kitawi au karibu kabisa nao, hata kila kilimi kinaonekana kama kijisehemu kinachojitegemea. Ncha za vilimi ni butu, za mviringo, zenye meno madogo yasiyochoma. Juu ni kijani kibichi, chini kumepauka kidogo.

Makuti machanga hutoka yamejiviringa. Kitabuni wataandika mfano wa kichwa cha fidla, ambayo wengi wetu hatujawahi kuishika. Mimi nasema mkia wa kinyonga: umejikunja kuanzia nchani, na unafunguka kutoka chini kwenda juu. Ya dume yamefunikwa magamba ya kahawia hadi yanafanana na kitu chenye manyoya.

Halafu geuza kuti. Chini ya vilimi vya nusu ya juu ya kuti kuna safu mbili za vidoti, moja kila upande wa mshipa wa katikati wa kilimi. Kila kidoti kimefunikwa na kifuniko chembamba chenye umbo la figo, kimeshikamana pale pale penye mbonyeo wa figo, na kingo zake ziko huru. Kikiwa kichanga ni cheupe, kisha huwa cha kijivu, kikizeeka hukauka kahawia na kujikunja juu. Umbo hilo la figo ndilo pasipoti ya Dryopteris dunia nzima, aina zake mia kadhaa. Lile "jike" la Ulaya, Athyrium, kifuniko chake ni kirefu kilichopinda kama mkato wa alama ya koma. Kangaga la kwenye makopo ya maua, Nephrolepis, lile linaloning'inia kwenye vibaraza vya hoteli hapo Mwanza, vitawi vyake havikukatwa kabisa, ni vilimi virefu tu vimepangwa kama kitana.

Nimemaliza la Ulaya. Turudi Bwiru.

Picha yako ya pili, ile uliyopiga kuti lote limelala juu ya ndoo, inanipa kitu cha kwanza. Vitawi vimekatwa, lakini makato yameishia njiani, kama nusu ya safari kuelekea uti wa kitawi. Vilimi vimeungana kwa chini kama vidole vya bata. Kwa dume la Ulaya visingeungana hivyo. Picha ya tatu, ya chini ya jani, inaonyesha vidoti vya mviringo vyenye vifuniko vya figo. Hapo nikaelewa kwa nini simu ya mpwa wako ilichanganyikiwa, na sitailaumu sana. Picha ya nne ndiyo iliyonifurahisha: kidole chako kimeshika bua, na dhidi ya mwanga kuna vinywele vyeupe, vifupi, vimesimama wima kama vindevu vya kijana. Bua la Dryopteris filix-mas lina magamba. Vinywele vya namna hiyo halina.

Kangaga lako ni Christella dentata. Vitabu vingine vitaliita Thelypteris dentata, vingine Cyclosorus dentatus. Majina yanazunguka, mmea ni ule ule. Linaota kando ya vijito na penye unyevu katika Afrika yote ya joto, na limeenea mbali zaidi ya hapo. Mtu aliyelieleza kwanza kisayansi alikuwa Forsskål, mtaalamu wa mimea, aliyelikusanya Yemen na kufia huko huko mwaka 1763 kwa malaria. Maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775 baada ya mwenzake wa safari kurudi nayo.

Usiniamini kwa picha tu. Chukua wembe mpya, kata bua moja karibu kabisa na ardhi, mkato wa mara moja, usisokote. Futa maji, kisha angalia uso wa mkato kwenye mwanga. Kama una miwani ya kusomea, igeuze uitumie kama lenzi, au weka simu kwenye picha za karibu. Utaona nyama ya kijani iliyopauka, na ndani yake alama mbili ndefu zilizopinda, zinazotazamana kama nyusi za mtu. Mbili tu. Hayo ndiyo mabomba ya maji na chakula ya kuti. Sasa kata tena bua hilo hilo sentimita kadhaa juu zaidi, kisha tena. Mahali fulani zile nyusi zitaungana chini na kuwa herufi U. Ungekuwa umekata bua la Dryopteris, ungeona vitone vitano au zaidi vya mviringo vimejipanga kama nusu duara ya shanga. Ukoo mzima wa Christella una mbili, ukoo mzima wa Dryopteris una nyingi. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kubandika jina la Dryopteris kwenye kangaga nililolitoa Usambara, nikalipeleka kwa mwalimu wangu nikiwa nimejaa kiburi. Hakusema neno. Alifungua droo, akanipa wembe.

Alama nyingine iko kwenye mishipa, nayo huhitaji wembe. Inua kitawi kibichi kwenye jua. Tazama lile pengo kati ya vilimi viwili, tuliite ghuba. Kwenye kangaga lako, mshipa wa chini kabisa wa kilimi hiki unainama kwenda kukutana na mwenzake wa kilimi cha jirani, wanaungana chini ya ghuba, kisha wanapanda pamoja kama mshipa mmoja hadi ukingoni. Kwenye Dryopteris kila mshipa unakwenda zake mpaka mwisho bila kumgusa jirani. Ukishaona mara moja hutasahau. Utajikuta unainua majani ya watu juani kila unapotembelea.

Kuhusu simu: programu hizo hujifunza kwa picha, na picha nyingi mtandaoni za makangaga yenye kifuniko cha figo zimepigwa Ulaya na Marekani, ambako dume huota. Ikiletewa kangaga la Bwiru lenye kafi na figo, inachagua inalolijua. Tena hata wataalamu walipita njia hiyo hiyo. Zamani ukoo wa kangaga lako wote uliwekwa ndani ya Dryopteris kwa sababu ya figo ile ile, na kwenye maktaba za mimea iliyokaushwa bado utakuta karatasi za kale zimeandikwa Dryopteris dentata. Kilichowatenganisha ni hivyo vinywele, hizo nyusi mbili, na hesabu za kromosomu, yaani nyuzi za urithi zilizo ndani ya kila seli. Dume la Ulaya lina kromosomu 164, yaani mafungu manne ya 41, kwa kuwa lilitokana na aina mbili kuchanganya damu kisha mchanganyiko ukajirudufu. Utashangaa, lakini kwa makangaga hiyo si idadi kubwa.

Dryopteris za kwetu zipo, usije ukadhani hatuna. Utazikuta kwenye misitu ya milima yenye ukungu: Kilimanjaro, Meru, Usambara, Uluguru. Mojawapo, Dryopteris kilemensis, jina lake limetokana na Kilema, pale Kilimanjaro. Nyingine ni Dryopteris inaequalis. Zinataka ubaridi na kivuli kizito. Mwanza iko mita 1,134 juu ya bahari pale penye maji ya ziwa, vilima vyake vinapanda kidogo tu, jua ni kali, na majabali yanahifadhi joto hadi usiku. Dume la Ulaya lenyewe lina desturi ya kukausha makuti yake majira ya baridi na kulala hadi joto lirudi. Hapo kwako lingelala lini?

Majabali hayo hayo ndiyo yanayokupa hilo ulilonalo. Mvua ikinyesha juu ya jabali haizami, inateleza. Inayoingia kwenye nyufa hutoka chini polepole kwa miezi. Mtu mwenye jabali nyuma ya nyumba ana tangi asilolijengea. Ukitaka kuona jinsi makangaga yanavyogawana jabali, panda upande wa juu, pakavu, penye jua, utafute kwenye nyufa kimmea kirefu kama kidole, chenye majani kama feni ndogo au mvumo wa kuchezea watoto. Hilo ni Actiniopteris, nalo ni kangaga vilevile. Kiangazi linajikunja likafanana na takataka, mvua ya kwanza ya vuli linafunguka siku hiyo hiyo au ya pili yake. Na ukishuka ziwani, kwenye mafunjo, kuna jamaa wa karibu wa kangaga lako, Cyclosorus interruptus, linalotembea ndani ya matope kati ya mashina. Hata ile Azolla ndogo nyekundu au ya kijani inayoelea kwenye maji yaliyotulia ni kangaga. Ukubwa usikudanganye.

Sasa suala la bibi, nalo naomba ulifikishe kwa adabu, kwa sababu bibi hajasema upuuzi. Dryopteris filix-mas kweli ilikuwa dawa. Wagiriki wa kale waliitumia, na mwaka 1775 mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa alimlipa mjane mmoja wa Uswisi, Madame Nouffer, fedha nyingi ili atoe siri ya dawa yake ya tegu, na siri ikawa ni unga wa shina la kangaga dume. Kusini mwa Afrika nako jamaa yake, Dryopteris athamantica, alitumika kufukuza tegu. Ndani ya shina mna viini vinavyompooza mdudu hadi akaachia utumbo.

Ila ni hivi. Kwanza, ilikuwa dawa ya tegu, yule mrefu mwenye pingili. Minyoo ya mviringo ambayo watoto wetu wengi wanayo haikulengwa na dawa hii. Pili, kile kinachompooza tegu kinaweza kumpooza mgonjwa. Kipimo kilichozidi kidogo kilileta degedege, na waliopona wengine walibaki vipofu kwa sababu sumu hushika mshipa wa jicho. Madaktari wa enzi hizo walijua hata kosa la kumpa mgonjwa mafuta ya nyonyo ili kusafisha tumbo baada ya dawa: mafuta yaliifanya sumu inyonywe zaidi mwilini. Dawa hiyo iliachwa zilipopatikana bora. Tatu, na hili ndilo linalomaliza mjadala, mmea ulio nyuma ya nyumba yako si huo. Bibi angewachemshia wajukuu mmea wa ukoo mwingine akitegemea sifa za mmea wa Ulaya, kwa jina lililotoka kwenye simu.

Kama wajukuu wana dalili, wapelekwe zahanati. Kuna albendazole kwa minyoo ya kawaida, kuna praziquantel kwa tegu na pia kwa kichocho, ambacho sisi watu wa kandokando ya ziwa hatuna budi kukifikiria kila mtoto anapolalamika tumbo au kukojoa damu. Ndivyo vidonge wanavyopewa shuleni kwenye kingatiba. Mwambie bibi kwamba mwalimu amemsalimu, na kwamba alichokisikia kuhusu kangaga dume kilikuwa cha kweli mahali kilikotoka.

Tumalizie vidoti. Jirani yako anaijua kutu ya maharage, na kutu ni kweli ni vidoti vya kahawia vinavyoacha unga kidoleni. Tofauti ni mpangilio. Kutu inatapakaa ovyo, hapa vingi, pale vichache, na mara nyingi pembeni yake jani limekuwa la njano. Vidoti vyako vimepangwa kwa safu, sawa kila kilimi, kama vifungo vya kanzu, na jani lenyewe ni zima. Kuna na wadudu gamba, wale wanaojibandika kwenye uti kama vipele. Hao huwa popote, juu hata chini, ukiwakwangua kwa ukucha wanatoka wakiwa na unyevu na jani linanata. Hao ukiwaona, wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, hawahitaji sumu. Kwenye picha zako sijamwona hata mmoja.

Kila kidoti ni kundi la vifuko vidogo sana, na kila kifuko kwa kawaida kina spora 64, yaani chembe za uzazi. Kangaga halitoi ua wala mbegu. Spora ndizo zinazoliendeleza. Watu wa Ulaya wa zamani, kwa kuwa hawakuwahi kuona mbegu ya kangaga, walisema mbegu yake haionekani kwa macho, na anayeipata naye haonekani. Ilichukua hadi mwaka 1851 ndipo Hofmeister, Mjerumani, akaeleza mzunguko wote: spora huanguka penye unyevu, ikaota kijimmea kidogo chenye umbo la moyo, hata ukucha wa kidole cha mwisho ni mkubwa kuliko hicho, chini ya moyo huo mbegu za kiume zinaogelea kwenye tone la maji hadi kwa yai, na hapo ndipo kangaga unalolijua linachipuka. Angalia kwenye udongo wa unyevunyevu chini ya jabali lako, piga magoti, utaviona vimoyo hivyo vimebandikana kama magamba ya kijani. Wengi huvifagia wakidhani ni ukoga.

Na namna spora zinavyotoka ni jambo ningependa ulione kabla hujaniandikia tena. Kila kifuko kimezungukwa mgongoni na mkanda wa seli zenye kuta nene upande mmoja. Hewa ikikauka, maji ndani ya seli hizo yanapungua, mkanda unavutwa nyuma taratibu kama manati ya mtoto, kifuko kinapasuka na kufunguka. Kisha maji hayawezi tena kuvumilia mvuto, kunatokea kiputo ndani ya seli, na mkanda unarudi kwa kishindo, spora zinarushwa. Hayo yote ni kwenye kitu ambacho bila lenzi ni vumbi.

Kata kitawi kimoja ambacho vidoti vyake vimekuwa kahawia iliyokolea lakini bado havijawa vitupu. Kiweke juu ya karatasi nyeupe, upande wa vidoti ukitazama chini, ndani ya chumba, funika na gazeti. Kiache hadi kesho yake. Ukikiinua kitawi utakuta kimejichora chenyewe: safu mbili mbili za unga wa kahawia, kila kilimi mahali pake, ukubwa ule ule. Mwonyeshe jirani karatasi hiyo. Lakini funga dirisha kabla hujainua gazeti, kwa sababu upepo wa ziwa ukiingia mchana utakuachia karatasi tupu.